Mgebuka Chini ya Baibui

Siku za mashine ya figo hospitalini nilikuwa najifukiza udi tangu unyayoni hadi utosini. Majirani zangu pale Ujiji wakadhani nimepata bwana mpya. Kumbe naficha harufu ya samaki wangu, mgebuka wa kukaanga, niliyemfunga kwenye mfuko na kipande cha muhogo, nikamchomeka chini ya baibui.

Sista wa kusafisha figo, binti aliyeletwa kikazi kutoka Mbeya, alishanikanya mara mia. "Bibi, usile ukiwa kwenye mashine. Damu inakimbilia tumboni, presha inashuka, unaweza kutuzimikia hapa hapa." Namjibu, "Sawa mwanangu," huku nameza mate. Saa nne nzima nimelala, mkono mmoja umefungwa mipira ya damu, nisitafune kitu? Thubutu!

Kitanda cha pili alilala mama wa Kirundi, mkimbizi. Gari la kambini lilimleta mara tatu kwa wiki, vumbi la barabara ya Kasulu likiwa bado kichwani. Siku hiyo sista alipotoka kidogo, nikafungua mfuko. Sasa, mlafi ni mlafi, lakini haya ninayo: kula mbele ya mtu bila kumkaribisha siwezi. Nikamnyooshea kipande.

Hakukipokea. "Onja wewe kwanza, mama."

Kwao ndivyo ilivyo, na Waha wa kwetu vilevile: mwenye chakula huonja kwanza, mgeni aone hakina sumu. Mimi na sumu! Nikachukia. Nikala mkia mbele ya macho yake. "Umeona?"

"Bado sijaona vizuri," akasema kwa upole.

Nikala mgongo. Nikashushia muhogo. Bado hajaona! Nikamaliza na kichwa.

Mara miayo. Jasho la baridi. Dari likaanza kuzunguka, nikataka kuita, ulimi ukagoma. Niliogopa, jamani, nikajua ndiyo nakwenda.

"Yebaba we! Sista! Mama anakufa!" yule mama wa Kirundi akapiga yowe.

Sista akaja mbio, akaniinua miguu, akafungulia dripu. Nilipofumbua macho akaniuliza nimekula nini. "Sijala kitu," nikasema, na mwiba umening'inia kidevuni.

"Kala samaki mzima," yule mama akasema, analia kama mtoto. "Nilikuwa namtania tu, sikujua atamaliza. Nimezika wawili njiani, sista. Sikuvuka mpaka wa nchi ili nije kuua mtu kwa utani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwahi kujua alizika.

Wiki iliyofuata sikugusa mfuko hadi tulipotolewa mashine. Tukakaa benchi la nje, plasta mkononi, tunasubiri gari lake. Sista alishapima presha yangu, iko sawa. Nikamtoa mgebuka, nikamega ili nionje, maana chakula ni changu.

Akanishika mkono. "Leo naonja mimi," akasema, akakila kile kipande, akasubiri kidogo, ndipo akanimegea changu.