Waya wa Kope

Mshauri wa kliniki moja ya upasuaji wa urembo huko Gangnam huufumbata waya wake mwembamba upate joto kabla haujagusa kope za mtu. Aliusukuma taratibu juu ya kope ya Sol-bi, naye mteja huyo akaona kiooni jicho lake likipata mkunjo aliokuja kuutafuta.

"Ukishonwa nyuzi, mdogo wangu, ukijuta zinafunguliwa. Ukipasuliwa, hakuna kurudi."

"Wewe dada ulichagua nini?"

"Kisu." Akauondoa waya, jicho likarudi lilivyokuwa, naye akabaki akilitazama. "Macho haya umerithi kwa nani?"

"Kwa mama."

"Na mimi yangu yalikuwa ya mama. Siku hizi kumbukumbu zimemtoka. Kila Jumapili nikimpelekea uji wa maboga ananishukuru, halafu ananiuliza kama nimemwona binti yake."

Akaufumbata tena waya, ingawa ulikuwa bado una joto. "Haya, fumba macho."