Mluzi Chini ya Magunia

Nikiwaambia watu wa Mpanda mjini kwamba mimi ni dereva, wanauliza wa basi au wa bodaboda. Nikisema wa mkokoteni wa ng'ombe, wanaangua kicheko. Chekeni tu. Kwetu huku Mpimbwe mkokoteni ndio gari. Unatoa mpunga shambani, unapeleka mgonjwa zahanati, unahamisha bibi harusi na kabati lake. Na mpunga ukishavunwa, majaruba yakikauka, mkokoteni huohuo unaoshwa matope na kuingia mashindanoni. Hakuna anayetunza wa mashindano pembeni. Uliobeba magunia juzi ndio unaokimbia leo, na wa kwetu umefungwa ekseli ya pikapu iliyokufa kabla sijazaliwa.

Aliyeanza ni babu. Alikuja huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akafungua shamba karibu na Kasansa, na jioni akirudi nyumbani hakukubali mkokoteni wa mtu umpite njiani. Baba akarithi ubishi ule mzima mzima. Sifa yetu ilikuwa moja tu: hatuna fimbo. Wenzetu wanachapa mpaka mnyama anatoka damu mgongoni. Sisi tunapiga mluzi. Mluzi mrefu, ondoka. Mfupi mfupi, kata kushoto. Ule unaopanda juu, kimbia kwa nguvu zako zote. Babu alimfundisha baba, na baba akataka kumfundisha kaka yangu.

Kaka hakuutaka. Tukipelekwa kuchunga alilala kivulini mpaka mate yanamtoka, na alipopata ndevu akaenda zake machimboni kutafuta dhahabu. Nikabaki mimi na ng'ombe. Mluzi niliuokota kwa kumsikiliza baba. Maksai wetu wawili, mweusi na mwekundu, nimewalea tangu ndama. Nilikuwa napiga mluzi kwanza, halafu nawamwagia pumba. Wakakua hivyo.

Sasa shida ni kwamba mtoto wa kike hapigi mluzi. Ukiuliza kwa nini, huyu anakwambia unaita nyoka, yule anakwambia unafukuza wachumba, mwingine hana hata jibu ila amekasirika. Aliyeshikilia bango hasa ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana. Akinisikia tu, anatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We mtoto! Unatuitia nyoka uwanjani?"

"Wakija nitawafunga nira, shangazi."

Nililambwa mwiko wa mgongo siku ile, na haki ya Mungu hata leo ningejibu vilevile.

Halafu baba akapoteza meno. Alikuwa amepanda bodaboda anakwenda mnadani, dereva akashika breki ghafla kwenye kalavati, na baba, aliyekuwa katikati ya kusimulia jambo, akaupiga mdomo wake kwenye kofia ngumu ya yule kijana. Meno mawili ya mbele yakaenda. Vingine vyote vilikuwa salama: mikono, miguu, mgongo. Ila akijaribu kupiga mluzi, kinatoka kiupepo tu. Fuuu. Maksai wanamtazama, wanaendelea kucheua.

Kwanza alinunua filimbi ya refa. Jamani! Alipoipuliza, wale maksai walitoka na mkokoteni mtupu wakakatiza matuta ya viazi ya jirani, wakasimama kwenye tope la lambo. Jirani hakutusemesha mwezi mzima. Msimu wa kulima ulipofika hakukuwa na ujanja mwingine. Nikashika plau, nikapiga mluzi, tukalima. Baba alikuwa anatembea pembeni akitazama mawingu, amejifanya hasikii.

Mashindano ya Kasansa yalipokaribia, binamu yangu akaja na fimbo ameichonga vizuri, anasema atatusaidia kuendesha. Nikamwambia akiigusa ngozi ya mweusi na ile fimbo, nitaivunjia kichwani kwake. Baba akanituliza. Jioni akaniita nje, akaanza kunizungusha kwa maneno mengi, mara ya heshima ya familia, mara ya shangazi, mpaka akafika alikokuwa anakwenda. Alitaka nilale ndani ya mkokoteni, anifunike magunia matupu, nipige mluzi kutoka humo. Yeye atasimama mbele ashike kamba. Watu watajua ni yeye.

Nilikubali. Nilitaka kukimbia, hilo tu, na sikujali nitakimbia nimelala au nimesimama. Ndivyo nilivyodhani.

Mnajua kulala chini ya magunia ya mpunga jua la Julai? Makapi yanaingia puani, mbao zinakupiga mbavu, huoni kitu ila visigino vya baba yako. Nilisoma mbio zile kwa mwili. Nikisikia gurudumu linapanda tuta, najua tumefika kwenye pipa la kuzungukia, napiga mfupi mfupi, tunakata. Nikisikia mikokoteni ya wenzetu imebaki nyuma, napandisha mluzi. Tukashinda. Tukapewa beberu la mbuzi. Baba akabebwa juu juu uwanja mzima, watu wanaimba, na mimi niko palepale chini ya magunia, nabana chafya, kiu imenishika, mpaka nyumbani.

Alininunulia soda. "Tumeshinda, mama," akasema.

"Nani?"

"Si sisi?"

"Sisi ni nani, baba? Mimi sikumwona mtu amenibeba."

Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nilikuwa nimefura, na ile soda nikampa mtoto wa jirani. Nikamwambia palepale kwamba kwenye mashindano makubwa ya Kibaoni silali chini ya magunia. Akasema tutaongea, na kwa baba tutaongea maana yake ni hapana.

Kibaoni ndiko kwenyewe. Watu wanatoka vijiji vyote vya huku, kuna spika kubwa, kuna muziki wa Bongo Flava, kuna mchekeshaji na kipaza sauti, na vijana wamepanda juu ya mashine ya kukoboa na simu zao. Asubuhi ile tukabishana mpaka mama akaondoka kwenda kukaa kwa jirani. Baba akamaliza ubishi kwa kusema, haya, kama hutaki kulala, binamu yako yupo na fimbo yake. Aliniweza hapo. Nikawaza migongo ya wale wanyama. Nikaingia mwenyewe, nikajifunika magunia mwenyewe.

Tukiwa tumejipanga kwenye mstari, mwenye kipaza sauti akaja upande wetu. Nilisikia viatu vyake. "Mzee wa mluzi huyu hapa! Mapengo lakini mluzi upo! Mzee, kijana wako tumesikia yuko machimboni. Na yule binti yako mbona hajaja kukushangilia?"

Baba akajibu, bila hata kufikiri: "Yuko nyumbani anapika."

Watu wakasema eeeh, kama vile jibu lilikuwa zuri.

Sikuwa nimepanga kitu. Ningesema nilipanga, ningeonekana mjanja. Lakini yale maneno matatu yaliufunga mdomo wangu. Kengele ikapigwa. Nikasikia fimbo zinalia, magurudumu yanaondoka, vumbi likaingia mpaka chini ya magunia. Sisi tumesimama.

"Piga," baba akanong'ona.

Nikageuza uso kwenye mbao.

"Piga, we mtoto, wanaondoka!"

"Mwite anayepika nyumbani," nikasema. "Apige yeye."

Uwanja ukaanza kucheka. Kwanza wachache, halafu wote. Baba akajaribu mwenyewe. Fuuu. Fuuu. Mwenye kipaza sauti akaidaka ile sauti akaiigiza kwenye spika, na kicheko kikawa cha kumwaga machozi. Niliumia. Huyu ni baba yangu, mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto maji yalipojaa, na watu wanamcheka mapengo yake. Mluzi ulikuwa mdomoni kwangu, ningeuachia angepona aibu saa ileile. Sikuuachia. Nikajiambia, leo nikipiga nimelala, nitapiga nimelala mpaka nazeeka.

Visigino vyake vikageuka. Akainama. Nikaona mwanga, kwa sababu alikuwa ameshika magunia na kuyatupa chini, moja baada ya jingine, mbele ya watu wote wa Kibaoni.

"Simama, basi," akasema. Hakunitazama usoni.

Nikasimama. Kichwa kizima makapi, gauni limenigandia mgongoni kwa jasho. Kicheko kikakatika. Baba akanipa kamba, akaruka chini ili mkokoteni uwe mwepesi. Watu wakanitolea macho, na mstari wa mbele kabisa, chini ya mwavuli, shangazi. Tukatazamana. Nikaweka ulimi wangu sawa, nikapiga ule mrefu huku namtazama yeye.

Wee! Mweusi na mwekundu waliondoka kama waliokuwa wanafukuzwa na nyuki. Wenzetu walikuwa mbali, wanakaribia pipa. Na kwenye pipa ndiko fimbo huwa inamwangusha mtu, maana ukimchapa ng'ombe aliyechoka akate kona, anakwenda anakotaka yeye. Mikokoteni miwili ilikuwa imegonganisha magurudumu, wenyewe wanatukanana. Nikapiga mfupi mfupi. Mweusi akajikunja kwa ndani, mwekundu akatanua, tukapita katikati ya pipa na wale watukanaji, na mmoja wao akasahau tusi lake mdomoni. Halafu nikapandisha. Sijawahi kupiga mluzi wa namna ile, ulitoka tumboni kabisa, na nilikuwa nalia na kupiga kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu, jaribuni mwone.

Tulikuwa wa tatu. Sitawadanganya eti tulishinda. Wa kwanza alipata plau mpya, wa pili akapata galoni la mafuta, na mimi nikapata ndoo ya plastiki. Ndoo ile ipo, nateka maji nayo kila siku, napita nayo mbele ya nyumba ya shangazi makusudi. Yeye siku ile aliondoka kabla sijafika mwisho, mwavuli juu. Mpaka sasa nikimwamkia anaitikia huku anatazama kuku wake. Sawa tu. Nampelekea mchele mpya kila mavuno, anapokea, na nikitoka getini kwake napiga mluzi.

Baba naye aliendelea na kazi zake. Hakunisifu, hakunikaripia. Mpunga tukalima, tukavuna. Halafu akaenda hospitali Mpanda, akarudi na meno ya bandia, meupe kuliko yaliyobaki, kila mtu anaambiwa aje ayaone. Usiku nilimsikia chumbani kwake anajifunza. Mluzi ulikuwa umerudi. Nilijua kitakachofuata, na moyo ukaniuma kabla hakijafika.

Asubuhi ya mashindano yaliyofuata ya Kibaoni nikawafunga maksai nira uwanjani. Baba akatoka amevaa shati la sikukuu na meno yake.

"Mwaka huu nitasimama mwenyewe," akasema. "Wewe umefanya ya kutosha. Pumzika."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, tena mengi, niliyakusanya mwaka mzima. Nikayaacha. Nikaenda kusimama mlangoni kwa jiko, nikakunja mikono. Mama alikuwa ndani anakoroga uji, akaacha kukoroga.

Baba akapanda. Akashika kamba. Akapiga mluzi mrefu, na niseme ukweli, ulikuwa mzuri, ule wa babu hasa, mnyoofu. Ng'ambo ya uwanja nikamwona shangazi ametoka anatabasamu.

Mweusi akainua masikio. Mwekundu naye. Halafu wote wawili wakageuza vichwa, nira ikalia, wakanitazama mimi pale mlangoni.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyeinua mguu. Akawagusa kwa kamba mgongoni. Walikuwa wananitazama tu, wakinisubiri, na mimi nilibana midomo yangu mpaka ikauma, kwa sababu sikutaka mtu aseme nimewaita.

Baba akailegeza kamba. Shangazi akaacha kutabasamu. Kisha baba akaingiza vidole mdomoni, akayatoa yale meno, akayafunga kwenye kitambaa na kuyatia mfuko wa shati.

"Yananibana," akasema.

Akarudi nyuma, akayasawazisha magunia matupu, akayakalia palepale nilipokuwa nalala. Akanipungia mkono nije.

"Panda, dereva," akasema. "Tutachelewa."