Ubani wa Gari Jekundu

Juzi mume wangu alisema tutafute gari la pili, dogo, lisilokula mafuta. Nilimfokea, akauliza gari limekosa nini.

Nilikuwa mdogo, kwetu Sindeni, baba alipotaka gari kama hilo mbali na pikapu yake ya kubebea mahindi. Alinipeleka Korogwe nichague. Nilipanda jekundu, likanuka plastiki iliyopigwa jua.

"Hili halili mafuta, mzee," muuzaji alisema. "Utakwenda na kurudi kila siku."

Niliamini ni la mama, aliyekwenda kwa miguu kila asubuhi hadi zahanati alikofanya kazi.

Mama naye aliamini hivyo. Alasiri ile alizungusha chetezo cha ubani ndani ya gari, akaomba, "Yaa Rabi, lifikishe salama popote liendapo." Baba aliinua viganja, akaitikia "Amina" kwa sauti ya kutushinda sote.

Lilimfikisha. Kila Alhamisi lilimfikisha Ngombezi, kwa mke mdogo aliyekuwa ameshamwoa kimya kimya, na mama akaendelea kutembea kwa miguu. Sasa baba ni marehemu, watu wananiambia nimsamehe. Kuoa nimemsamehe. Ile amina, hapana.