Rubani Asiyejua Kungoja

Mama yake Matrona Evan alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa kabla mkunga hajavua koti, na tangu siku hiyo hajawahi kumsubiri mtu. Alipopita miaka thelathini, tayari ni rubani, bado alikula samaki wake mkavu akiwa amesimama dirishani, jicho moja kwenye mawingu.

Bethel, mji wao ulio kando ya mto Kuskokwim kule Alaska, hauna barabara inayotoka kwenda popote. Barua, nepi, soda, wagonjwa, maiti, vyote hupanda ndege. Matrona alirusha ndege ndogo ya injini moja kwenda vijijini, na aliirusha kwa macho, akifuata mto na vichaka vilivyo chini yake. Ukungu ukishuka, rubani wa macho hukaa chini. Na ukungu wa huko hauna adabu: huingia bila hodi na huondoka ukipenda wenyewe.

Siku za ukungu Matrona alikuwa adhabu kwa wenzake. Alizunguka karakana ya ndege, akagusa hiki, akahamisha kile, mpaka Evon, binamu yake na fundi wa ndege, akapiga kelele. Evon alikuwa mtoto wa shangazi yake, na kwa watu wao, Wayupik, binamu wa namna hiyo ni watani wa kufa na kuzikana.

"Bibi Haraka, rudisha spana yangu! Kama huna kazi, nenda nje ukaupulize huo ukungu kwa mdomo."

"Nikiupuliza, utaanza kupeperuka wewe. Una kilo ngapi vile?"

Machi mmoja, theluji ikiwa bado imefunika kila kitu, alimpakia shangazi yake Paraskeva, aliyekuwa ametoka hospitali na kutaka kurudi kijijini. Mbele, ukungu ulikuwa umelala chini. Matrona aliutazama, akautazama tena, akasema moyoni kwamba atapita chini yake. Hakupita. Dakika chache tu, weupe wa juu na weupe wa chini vikashikana, na dunia ikawa kama ndani ya yai.

Mwili wake ulimwambia kwamba ndege iko sawa, inakwenda mbele vizuri. Ile saa yenye mstari wa upeo, inayoonyesha mbawa zimelala upande gani, ilimwambia vingine: bawa la kushoto limezama na kimo kinapungua. Matrona akauamini mwili. Shangazi nyuma alikuwa amefumba macho, ametulia. Halafu ukungu ukapasuka kidogo, na Matrona akaona vichaka vya mtoni vikiwa vimelala ubavu, karibu mno. Ilimchukua muda kidogo kuelewa kwamba vichaka havilali ubavu. Akainua bawa, akavuta usukani, akatoka na roho yake mkononi.

Walipotua kijijini shangazi alishuka polepole, akajifunga kitambaa. "Umenirusha kama mtu anayewahi hospitali," alisema. "Nami ndiyo kwanza natoka."

Matrona alicheka. Lakini wiki nzima usingizi ulimpita mbali. Mwisho wa wiki alikwenda kwa Gunnar Haugsrud, mzee mmoja mrefu kutoka Minnesota aliyekuwa amefundisha marubani wa Bethel tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mwalimu, nataka kujifunza kuruka kwa vipimo. Ndani ya mawingu."

Haugsrud alimwangalia juu ya miwani. "Wewe? Wewe huwezi kungoja kahawa ipoe."

"Ndiyo maana ulimi wangu umeungua. Lini tunaanza?"

Walianza siku ya jua kali, jambo lililomuudhi sana. Mbingu ilikuwa safi mpaka milima ilionekana, na yeye akavishwa kofia yenye ukingo mrefu uliomziba asione nje, abaki na saa zake tu: ya kimo, ya mwendo, ya upeo, na dira. Kazi ilikuwa kuzungusha macho kutoka saa hii hadi ile, bila kuganda popote, huku mikono ikitulia. Macho ya Matrona yaliganda na mikono ndiyo iliyozunguka. Mshale ukisogea kidogo kulia, yeye aliuvuta mno kushoto. Ukipita kushoto, aliurudisha mno kulia. Ndege ikayumba angani kama mlevi anayerudi kwake.

"Unaukimbiza mshale kama mbwa anayekimbiza mkia wake," alisema Haugsrud. "Sogeza kidogo. Kisha ngoja."

Neno hilo. Alilichukia tangu utotoni.

Kisha kulikuwa na zoezi la kufumba macho. Matrona aliinamisha kichwa, mwalimu akaipinda ndege huku na kule mpaka asijue juu wala chini, halafu akasema, "Ichukue." Alipofumbua macho, mwili wake wote uliapa kwamba wanapanda huku wakielekea kulia. Saa zikasema wanashuka kwa kasi, wamepinda kushoto. Akavuta usukani kabla ya kunyoosha mbawa, na ndege ikazidi kukaza mzunguko. Haugsrud akaichukua, akainyoosha. Wakarudia. Akakosea vilevile. Mara ya tatu Matrona akaipiga ile saa ya upeo kwa kofi.

"Hii inadanganya!"

"Humu ndani kuna mwongo mmoja," alisema Haugsrud bila kupandisha sauti. "Si hiyo saa. Wala si mimi."

Habari zikafika karakana kabla yake. Kesho yake Evon alimpokea akiwa na ndoo kichwani, mikono mbele, akigonga meza na watu.

"Mimi ni rubani wa vipimo! Nani amehamisha ukuta?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Matrona naye alicheka, kisha akaichukua ile ndoo, akaijaza maji na kumwagia miguuni. Lakini jioni, wakati wengine wameondoka, Evon alimtolea ubao wa vipimo wa ndege iliyokufa, akaufunga kwenye kiti cha jikoni. "Kaa nao nyumbani, uzoeze macho," alisema. "Na usimwambie mtu nimekuwa mwema. Nina jina la kulinda."

Mwezi wa sita Paraskeva alikuja mjini, nao wakaingia pamoja kwenye kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba. Mle ndani kuna giza na joto la mawe, na watu hukaa tu. Matrona alikaa, akasimama, akaongeza maji kwenye mawe, akakaa.

"Mwanangu, mvuke haukimbii," alisema shangazi.

Kisha Matrona akasema lililokuwa likimla. "Shangazi, ile siku, ulipokuwa umelala, mimi nilipotea."

"Nilikuwa sijalala. Nilikuwa naomba Mungu."

"Ulijua?"

"Nilifumbua jicho nikaona shingo yako. Ilikuwa imekakamaa kama mti."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme nini? Ungegeuka kunijibu." Shangazi alijimwagia maji kichwani. "Usiongeze maji tena. Nipe hiyo kata, utaniunguza."

Ikafika vuli. Siku moja Matrona na mwalimu wake walikuwa wakirudi kutoka kijiji cha Aniak, na mawingu yakashuka kweli. Safari hii hakuhitaji kofia. Nje ya kioo palikuwa kijivu kitupu, matone yakikimbia pembeni. Mwongoza ndege wa Bethel akampa ruhusa ya kuja kutua, naye akaanza kushuka kwa mishale yake: kidogo, ngoja, kidogo, ngoja. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kuna kimo ambacho ukikifikia hujaiona njia ya kutua, hakuna mjadala, unapaa. Alikuwa akikikaribia alipoona upande wa kulia mwanga wa njano, hafifu, kama taa ndani ya maziwa. Moyo ukaruka. Taa zile pale! Mkono ukaanza kwenda kulia. Haugsrud alitazama mbele kama abiria.

Mshale unaoelekeza kwenye njia ya kutua ulikuwa katikati kabisa. Kama mshale ulikuwa katikati, taa za uwanja zingekuwaje kulia?

"Sioni," Matrona alisema. "Napaa."

Aliamriwa azunguke mahali pamoja ndani ya wingu, duara juu ya duara, mpaka aitwe. Hakuna adhabu iliyowahi kumuuma zaidi. Alijaribu tena kutua, hakuona kitu, wakarudi Aniak. Huko alitembea chumba kizima huku na huku, amekasirika.

"Ningeshuka, Mwalimu. Niliziona taa."

"Taa za wapi?"

Matrona akaacha kutembea. Haugsrud akanywa kahawa yake.

Mtihani wa kwanza wa leseni ya kuruka mawinguni alifeli; alianza kushuka kabla ya mahali pake, kwa pupa. Mkaguzi alimpa mkono na kumwambia arudi. Alilia chooni, akanawa uso, akaomba tarehe nyingine siku hiyohiyo. Mara ya pili alipita.

Majira ya baridi yalipokomaa, timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa kijiji kimoja ilikwama Bethel, mashindano ni kesho kijiji kingine. Wingu lilikuwa limejaa barafu, ile inayoganda kwenye mbawa mpaka ndege inakuwa jiwe. Kocha wao, mwanamume mmoja mnene aitwaye Wassillie, alimfuata Matrona mpaka mlangoni.

"Dada, si una leseni ya mawingu?"

"Ninayo. Ya barafu hawatoi."

"Wasichana wanalia."

"Na mimi nalia, kaka. Tulie pamoja hapa chini."

Asubuhi baridi ilikauka, barafu ikaisha njiani, wingu likabaki. Akawapakia. Walipoingia kwenye kijivu kelele zikakatika, hata wanaotafuna wakaacha. Msichana aliyekaa kando yake alikodolea macho kioo.

"Unaona kitu?"

"Hapana."

"Sasa unakwendaje?"

Matrona alikuwa akisogeza usukani kwa upana wa ukucha, kisha akingoja. Moyo wake ulidunda vibaya kama siku zote. "Niulize tukishuka," alisema.

Taa za kiwanja zilitokea mbele, mahali zilipotakiwa kuwa, nao wakapiga makofi mpaka ndege ikasimama. Msichana akageuka amuulize tena, lakini Matrona alishakuwa nje, anavuta mabegi theluji ikimpiga usoni, akipiga kelele wafanye upesi, kuna mgonjwa anamsubiri kijiji cha pili.