Safari Aliyoijua Mama Peke Yake

Kila nikionyesha picha zangu za pangoni, lazima mtu anivute pembeni aniulize nilipataje nafasi ya kwenda nje. Wengi ni vijana wa hukuhuku kwetu, Mbagala na Temeke, na swali lao huja na shaka ndani yake: bila shaka nina mjomba wizarani, au kuna mzungu alinipenda. Huwa nawajibu kwa kifupi, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu jibu refu linaniumiza. Leo nitayasema yote mawili.

Jibu fupi ni hili. Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa Mbagala, na mteja mmoja akanialika kwenye kikundi cha watu waliokuwa wakienda Pugu siku za mapumziko, kuingia kwenye mapango yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo mweupe. Nilikwenda kwa sababu nilichoka kukaa nyuma ya kaunta. Kiongozi wa kikundi alikuwa mhandisi, mama wa makamo, mkali, mwenye kamba zake mwenyewe alizozipenda kuliko watu. Alitufundisha kupanda na kushuka kwa kamba, kwanza mtini, kisha gizani na popo wakitupita masikioni. Alitufundisha kuhama kutoka kamba moja kwenda nyingine katikati ya safari, na kujinasua mwenyewe ukikwama. Mimi nilikuwa mzito. Wenzangu walikuwa wakimaliza, mimi bado nimening'inia, nageukageuka, huku yeye akiniambia kutoka chini nisiifokee kamba maana haina masikio.

Kikundi rafiki cha nje kilipomwandikia kwamba kinajiandaa kwenda Uturuki, kwenye milima yenye mapango yanayoshuka chini sana, na kwamba kina nafasi ya mtu mmoja kutoka kwetu, kila mtu alijua ataitwa nani, na hakuwa mimi. Kiongozi akanitaja mimi. Alisema kamba nimeshaiweza, polepole lakini bila kumsubiri mtu anisaidie, na hilo ndilo linalotakiwa. Mengine aliyaona kambini Tanga, kwenye safari moja ya kikundi, mvua iliponyesha hadi watu wakaanza kununiana ndani ya mahema: mimi nilikuwa nimejikunyata chini ya turubai napika maharage, na baada ya kula nikaosha kamba za watu zilizojaa tope. Kule chini, alisema, bingwa anayenuna ni mzigo. Kwa hiyo kijana ukinifuata nitakwambia ujiunge na kikundi, ujifunze kamba hadi mikono ikumbuke yenyewe, upike, uoshe, usilalamike, na awepo mtu anayekufahamu wa kukusemea. Hilo ndilo jibu fupi.

Jibu refu linaanzia kwa mama yangu, ambaye alikuwa na genge la mboga mbele ya nyumba tuliyopanga, na mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee.

Nilipomwambia naenda Uturuki kwa ajili ya pango, aliacha kuchambua mchicha akaniuliza kama mwenye nyumba amepandisha tena. Kwetu neno pango maana yake ya kwanza ni kodi ya chumba. Shimo la mlimani linakuja baadaye sana. Alidhani nahama, na kwamba huko Uturuki vyumba ni rahisi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Nilipomweleza vizuri, kwa mikono, jinsi mtu anavyoning'inia kwenye kamba na kushuka kusiko na mwanga, aliusukuma mchicha pembeni.

Mama alikuwa Mmatumbi, wa huko kwenye vilima vya Kilwa, na kwao mapango yapo. Alisimuliwa na bibi yake jinsi watu walivyojificha humo wakati wa vita na Wajerumani. Waliobaki nje walikuwa wakiulizwa nani yumo ndani, wanasema hawajui. Mwanamke anaulizwa mume wake yuko wapi, hajui. Anaulizwa mtoto wake, hajui.

"Pango mtu haingii kutembea," aliniambia. "Anaingia akikimbizwa. Wewe nani anakukimbiza?"

Nilimjibu kwamba hakuna, nataka tu. Nilimwambia kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuchaguliwa kwa lolote, na kwamba wakinikosa safari hii sidhani kama watarudi kunitafuta. Hapo alinitazama vizuri. Akarudia mchicha wake, na kabla hajaumaliza akasema niende, ila mtu asijue.

Sharti hilo mtu wa kwetu haombi maelezo yake. Safari haitangazwi. Ukipata viza unanyamaza, unanunua begi kimyakimya, na majirani wanakuja kujua umeondoka wakiona nguo zako haziko kambani. Mama alikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Miaka michache nyuma nilikuwa nimeposwa, yeye akatangaza mtaa mzima, akachagua hadi kitenge cha sare, na shoga zake wakakishona. Posa ikavunjika. Kile kitenge kiliendelea kupita mbele ya genge letu migongoni mwa wanawake, sokoni, msibani, hadi kikachakaa. Mama hakuwahi kulalamika, lakini tangu siku zile alikuwa haamini jambo jema linaloanza kusemwa kabla halijawa.

Kwa hiyo hakumwambia hata mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo wangu wa Temeke, ambaye hakuna lililokuwa likimpita. Waliouliza tulikubaliana waambiwe nimekwenda mkoani kikazi.

Shida ni kwamba watu wa mapango wana sheria iliyo kinyume kabisa na ya mama. Hakuna anayeingia bila kumwachia mtu wa nje habari zake: ni nani, ameingia wapi, atatoka lini. Kiongozi wetu alikuwa akilisema hilo hadi tunamwigiza. Nilipokuwa najiandikisha alitaka namba za ndugu wawili wa kupigiwa jambo likitokea. Niliandika namba ya mama ya laini moja, na kwenye nafasi ya pili nikaandika namba yake ya laini nyingine. Simu ni ileile moja, yenye ufa kwenye kioo, inayokaa juu ya mzani wa genge. Kiongozi aliona namba mbili tofauti, akaridhika. Na mimi niliridhika, maana nilikuwa nimezitii sheria zote mbili.

Siku ya kuondoka mama alinishika kichwa, akanisomea dua, akasema radhi zake ninazo. Hakunisindikiza hata hadi barabarani, ili watu wasihisi.

Uturuki sikuona maduka ya nguo wanayoyasifia wafanyabiashara wetu. Niliona mlima wa mawe meupe, mahema, na upepo wenye baridi iliyonishangaza kila asubuhi. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya jabali moja tu, na jioni tulipanga foleni kwenda kuwapigia watu wetu. Mimi nilimpigia mama kila siku. Alitaka kujua nimekula nini, na kama wale watu wananitendea vizuri.

Jioni ya kabla ya kuingia, sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimuuliza anaumwa? Akasema ni kifua tu, hali ya hewa. Mimi, muuza dawa, nikiwa juu ya jabali na koti la kuazima, nikamtajia dawa ya kununua na namna ya kuinywa. Akaitikia. Nikamwambia tutalala kule chini siku kadhaa, asiwe na wasiwasi akiona kimya.

"Mie mzima," akasema. "We ingia. Ukitoka unipigie."

Nikaingia. Sitaki kudanganya: siku zile zilikuwa za furaha kuliko zote nilizowahi kuishi. Tulishuka kamba baada ya kamba hadi kwenye ukumbi ambao taa zetu hazikufika ukutani kwake. Tulilala kwenye mchanga, tukisikia maji. Mtu mmoja akapiga mluzi, na mluzi ukakaa hewani muda mrefu, tukacheka wote. Nilifanya kazi yangu, nilipika, sikumchelewesha mtu. Nikajisikia mtu mwenye mahali pake. Hiyo furaha sijui niiweke wapi mpaka leo, kwa sababu najua ilikuwa inatokea wakati gani.

Tulipotoka nilipanda jabali na tope langu mwilini, kabla hata ya kunywa chai. Simu ya mama ikapokelewa na mama mdogo.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza niko wapi. Nilichofikiria kwanza, namwomba Mungu anisamehe, ni kwamba siri imevuja na mama atanisema. Nikamwambia mama mdogo niko salama, anipe mama niongee naye.

"Mama yako tumemzika juzi," akasema. "Tumekupigia mpaka tumechoka. Uko wapi, mwanangu?"

Nakumbuka wenzangu waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakishuka mmoja mmoja bila kupiga simu zao, wakaniachia jabali.

Nilipofika Mbagala tanga lilikuwa limeshaanuliwa. Mikeka ya kuazima ilikuwa imerudi kwa wenyewe, na mbele ya nyumba meza ya genge ilikuwa imegeuzwa ubavu. Watu walikuja kunipa pole na macho yao yakaniuliza mengine. Mtoto wa pekee, mama anaumwa, mama anakufa, yeye hayupo, na alipo hapajulikani. Hawakuwa wabaya. Hata mimi ningejiuliza.

Mama mdogo alisubiri hadi watu wapungue. Alikuwa na hasira nami, alikuwa na haki ya kuwa nayo, na alikuwa amechoka. Tulikaa kitandani kwa mama, juu ya shuka alilokuwa amelitandika mwenyewe, akanisimulia. Alifika mchana mmoja kumjulia hali dada yake, akamkuta anahema kwa shida. Nilimuuliza siku gani. Nilipohesabu, ilikuwa siku ile ile ya simu yetu ya mwisho, saa kadhaa kabla sijampigia. Nilikuwa bado juu. Ningefunga begi jioni ile ningemkuta hai, kwa sababu alikaa hospitali siku kadhaa na akili zake zote.

"Nikamwambia, dada, nipe namba ya mtoto nimwite," alisema mama mdogo. "Hiyo ya hapa haipatikani. Akachukua simu yake akailalia. Namuuliza, kwani huko mkoani yuko wapi, ananiambia hajui. Mama mzima, hajui mwanawe alipo. Hospitali nikamuuliza tena. Akanijibu, 'Mkimwita atarudi.' Mie nikaona homa imemzidi. Si ndicho tulichokuwa tunakitaka, urudi?"

Alikuwa ananitazama, anangoja nimweleze dada yake alikuwa na maana gani. Mama alikuwa ananilindia nafasi yangu, na ninatamani, kila siku ninayoamka, asingenilindia.