Nilimkataa kwa Kitaliano, Ukoo Ukapiga Vigelegele

Siku niliyomkataa mwanaume mbele ya ukoo mzima, ukoo ulinipigia vigelegele.

Sitanii. Shangazi zangu walipiga mpaka wateja dukani wakauliza kuna harusi ya nani.

Naitwa Rasha. Kwetu ni Kariakoo, Msimbazi, ghorofa ya pili. Chini kuna duka la vitambaa la baba yangu, mzee Azzam.

Mwaka jana baba alinitangazia kwamba naolewa na Ghanim, mtoto wa binamu yake anayeishi Torino, Italia. Nilimjua kwa picha moja tu, tena kavaa miwani ya jua.

Nikasema sitaki. Nasoma ufamasia, niacheni nimalize.

Baba akaendelea kupanga harusi. Nikatorokea Magomeni kwa rafiki yangu. Baba akanifuata huko huko, akanirudisha huku nalia kama mtoto.

Kuanzia hapo simu ikachukuliwa. Geti la juu likapigwa kufuli, ufunguo mfukoni kwa baba. Chuo basi.

Jamani, kufungiwa Kariakoo ni mateso. Chini watu wananadi nguo, mikokoteni inapita, kila duka na muziki wake. Wewe umeshika nondo za dirisha unachungulia.

Mtu wa nje aliyeruhusiwa kuingia ni mmoja tu, Madam Joyceline. Aliwahi kuishi Italia akihudumia wazee. Alikuja kunifundisha Kitaliano ili nisiende kuwa bubu ugenini.

Nilimnunia, akacheka.

"Nuna tu mdogo wangu, ila vitenzi tutasoma."

Tukaanza. Sisi ukitaka kubadili wakati unagusa kichwa cha neno: nasema, nilisema, nitasema. Wao wanakata mkia, na kila mtu ana mkia wake. Parlo, nasema. Parli, unasema. Wakati uliopita ndiyo balaa, wanaazima kitenzi kingine kije kusaidia. Kichwa kiliniuma, sio siri.

Lakini ukifungiwa utafanya nini? Nikawa nachambua mchele huku naimba mikia. Bibi Sitara, mama yake baba, anasinzia pembeni na tambuu mdomoni.

Siku moja Madam akataka nitunge sentensi tatu: jana, leo na kesho.

Zikanitoka zenyewe. Ho detto no. Non voglio. Non ti sposerò.

Nilisema hapana. Sitaki. Sitaolewa na wewe.

Madam akaangalia mlango. Akanisahihisha matamshi.

Sasa, kwetu binti haongei na mchumba peke yake. Simu inawekwa laudi spika, wazee wamekaa, kila mtu anasikia. Ijumaa baada ya swala ya alasiri sebule ikajaa, Bibi pembeni na tambuu yake. Ghanim akapiga, akasalimia wakubwa wote. Baba akavimba kifua.

"Rasha, hebu muonyeshe mwenzio ulichojifunza. Ongea Kitaliano."

Nikatazama pale sebuleni. Nani anajua Kitaliano humu? Hakuna!

Kwa Kiswahili baba angekata simu kabla sijamaliza. Nikatabasamu kama bi harusi, nikasogelea simu, nikazishusha sentensi zangu zote tatu. Nikaongeza kwamba wamenifungia ndani na nimelia sana.

Upande wa pili nikasikia mlango unafungwa.

Kisha Ghanim akajibu kwa Kitaliano, polepole ili nimwelewe. Ana mke huko, wana mtoto, mama yake hajui. Na yeye amebanwa. Kesho atapiga, atakataa yeye.

"Grazie," nikasema.

Weee! Vigelegele! "Mashallah, mtoto anateleza kama mzungu!" Baba alijifuta machozi. Kwa kweli nilimhurumia.

Kesho yake Ghanim akapiga, akakiri kila kitu. Baba alifoka mpaka mtaa ukasikia. "Binti yangu nimemsomesha lugha nzima kwa ajili yako!"

Alipochoka kufoka, alipanda juu akafungua kufuli bila kunitazama usoni. "Rudi chuoni kwako."

Nikabaki nimesimama nalia. Bibi akaniita, akatema tambuu.

"Hai parlato bene, figlia mia."

Umesema vizuri, mwanangu.

"Bibi! Umejuaje Kitaliano?"

"Si nimezaliwa Barawa, kule Somalia walikotawala Wataliano? Utotoni nilisoma shule yao, kabla sijaletwa huku kuolewa."

"Kwa hiyo jana ulinielewa?"

"Neno kwa neno. Na unadhani nani alimwambia baba yako usiende kuwa bubu ugenini? Ghanim hakuomba lugha yoyote. Niliomba mimi."

Nikakaa chini karibu yake.

"Bibi, si ungemwambia tu baba aniache?"

"Nilimwambia, hakunisikia. Nikaona nikutafutie maneno asiyoweza kuyakatiza." Akanishika mkono. "Mimi siku naozwa nililia kwa lugha ya nyumbani. Kila mtu alinielewa, na wakaniozesha hivyo hivyo."

Nilimkumbatia nikalia upya, safari hii kwa ajili yake.

Mzazi unayesoma hapa, binti yako akisema hapana, ameshasema. Usimlazimishe atafute lugha nyingine.