Mizizi ya Kichina na Kidonge Kiganjani

Mume wangu aliuawa na kifusi shimoni, si na VVU. Nasema hili mapema kwa sababu msibani, hapa Masumbwe, watu walinong'ona mengine.

Dawa za kliniki alizianza akiwa bado ana nguvu, lakini zilimtia kichefuchefu, na mchimbaji asiyekula hawezi kushuka shimoni. Tukaenda Shinyanga, kwenye duka la dawa za Kichina. Muuzaji akatupimia mizizi na magome. "Hii ni ya hamu ya kula," akasema. "Haiui virusi. Zile za kliniki msiziache." Angeweza kutudanganya, na tungedanganyika.

Nikawa naichemsha kila jioni, nyumba nzima inanuka udongo uliolowa. Akaanza kula. Kama ni mizizi, au mwili ulikuwa umeshazoea vidonge, sijui hadi leo. Faida nyingine ndiyo niliyoijua. Mama mkwe alikuwa akiishi nasi, naye hakuambiwa habari ya VVU. Kwetu anayekunywa mizizi haulizwi sana, anapewa pole ya tumbo. Basi kila jioni mume wangu alificha kidonge kiganjani, akakitupa mdomoni na kukishushia kwa kikombe cha mizizi, mama yake akitazama.

"Mchina anajua dawa," mama mkwe alikuwa akisema. "Ona mashavu hayo!"

Kisha kliniki wakampima damu, wakakuta ini halijakaa sawa. Tukamweleza nesi habari ya mizizi, akasema tuiache kwanza. Njiani mume wangu akaniuliza, "Sasa nitamezaje?" Alikwisha kuniambia kwamba ni heri aache vidonge kuliko mama yake ajue.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshachemsha. Akamletea kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba. Leo nimeikoleza."

Kikombe cha mama hakikataliwi. Mume wangu alikishika mpaka mvuke ukapungua, akakiweka chini. Akafungua kiganja.

"Mama, dawa yangu ni hii. Ya kliniki. Ya ugonjwa ule."

Mama mkwe alikitazama kidonge. Halafu akasema, "Kumbe mashavu haya nimemsifia Mchina bure!" Alicheka, machozi yakimtoka. Akainuka, akaenda mtungini, akarudi na maji.

"Meza nikuone."

Akameza. Mama yake akamshika kidevu, akamwambia afungue mdomo ahakikishe.